Pipa la chumvi kwa mtaa wenye mteremko Uingereza: linaombwaje, na likija linatumikaje?

MtaaWaJuu

Wakuu, poleni na baridi.

Nauliza kuhusu yale mapipa ya njano ya chumvi ya barabarani. Mtaa wenyewe uko kaskazini mwa England, una nyumba 31, na barabara yake haina pa kutokea upande wa juu. Urefu ni kama mita 140, upana mita 5. Juu ni tambarare, halafu inafika kona, na kuanzia hapo inashuka mita 60 hivi hadi inapokutana na barabara ya basi. Lori la halmashauri la kumwaga chumvi linapita kwenye barabara ya basi tu, huku juu haliingii. Usiku ukiwa na sakitu, asubuhi magari yanashuka yamekanyagiwa breki na bado yanateleza mpaka kwenye makutano. Baadhi ya nyumba zina wazee wanaotembelewa na wahudumu kuanzia saa moja asubuhi.

Ombi la pipa limeshapelekwa kwa fomu ya mtandaoni. Jibu lililorudi ni sentensi moja: eneo halikufikia vigezo.

Naomba mnisaidie haya. Je, halmashauri inawajibika kisheria kutupa pipa? Jibu kama hilo linapingwaje? Wakazi wanaruhusiwa kununua lao na kuliweka kando ya barabara? Na likishapatikana, chumvi inamwagwa kiasi gani? Wengine hapa mtaani wanasema ukimwaga chumvi halafu mtu akaanguka, atakushtaki.

---

Mpima_Lami

Ndugu MtaaWaJuu, kabla hujapinga lolote, hakikisha barabara ni ya nani. Mitaa mingi ya nyumba mpya bado iko mikononi mwa mjenzi au kampuni inayosimamia mtaa, kwa sababu makubaliano ya kuikabidhi kwa halmashauri (kifungu cha 38 cha Sheria ya Barabara Kuu ya 1980) hayajakamilika. Kama ndivyo, halmashauri haitaweka pipa hata mteremko ungekuwa kama paa la nyumba, na wa kudaiwa ni kampuni inayokusanya ada za mtaa. Kujua ni rahisi: kifungu cha 36 cha sheria hiyo kinailazimisha mamlaka ya barabara kuweka orodha ya mitaa inayotunzwa kwa fedha za umma, na kila mtu ana haki ya kuikagua bila malipo. Halmashauri nyingi wameiweka mtandaoni kama ramani. Angalia pia uko chini ya nani. Penye halmashauri mbili, ya kaunti na ya wilaya, barabara ni za kaunti. Ombi likipelekwa wilayani linazunguka tu.

Kuhusu wajibu wa kisheria. Mwaka 2000 Mabwana wa Sheria (majaji wa mahakama ya juu kabisa wakati huo) waliamua, katika kesi ya Goodes dhidi ya East Sussex, kwamba wajibu wa kutunza barabara haukuhusu kuondoa barafu. Bunge likarekebisha: tangu 2003 kifungu cha 41 kina kijifungu cha 1A kinachosema mamlaka lazima ihakikishe, kadiri inavyowezekana kwa hali halisi, kwamba theluji au barafu haihatarishi watu kupita. Hayo maneno "kadiri inavyowezekana" ndiyo yanayoiruhusu halmashauri kuchagua barabara za kumwagia chumvi na kuacha nyingine. Pipa halitajwi popote kama haki ya mtaa. Kwa hiyo usiandike "sheria inawalazimisha kutupa pipa", kwa sababu barua ya namna hiyo inajibiwa kwa aya iliyoandaliwa tayari.

Kinachosikilizwa ni vigezo vyao wenyewe. Halmashauri nyingi wana jedwali la alama: ukali wa mteremko, kona, kama barabara inaingia kwenye barabara yenye magari mengi, kama ndiyo njia pekee ya kuingia na kutoka, idadi ya nyumba, kama kuna makazi ya wazee, shule au zahanati, na kama tayari kuna pipa jingine karibu. Barabara iliyo kwenye ratiba ya lori kwa kawaida haipewi pipa. Alama zikipita kiwango chao unapata, zisipopita hupati. Jedwali kwa kawaida limo ndani ya mpango wao wa huduma za majira ya baridi, hati ambayo huchapishwa kwenye tovuti yao. Itafute uisome yote.

Sasa, anayejaza alama mara nyingi amekaa ofisini na ramani. Ramani inamwonyesha urefu na kona, lakini mteremko anaweza kuukadiria kwa wastani wa barabara nzima. Kwako hilo linaumiza sana: mita 80 tambarare zikichanganywa na mita 60 kali, wastani unatoka mpole. Kwa hiyo upime mwenyewe sehemu kali peke yake. Chukua ubao ulionyooka wa mita 1, uweke juu ya lami kufuata mteremko, weka pimamaji juu yake, kisha inua ncha ya chini hadi kiputo kikae katikati. Pima kwa futi nafasi iliyopo kati ya ncha hiyo na lami. Sentimita 10 ni mteremko wa 1 kwa 10, yaani asilimia 10. Sentimita 12.5 ni 1 kwa 8. Rudia kila baada ya mita 10, piga picha ya kila kipimo futi ikionekana, na uandike umbali kutoka kwenye makutano. Simu inayoonyesha nyuzi nayo inafaa kwa kuhakiki, nyuzi 5.7 ndiyo asilimia 10.

Halafu omba karatasi ya alama walizoupa mtaa wako. Iombe kwa Sheria ya Uhuru wa Habari ya 2000, kwa barua pepe tu, nao wana siku 20 za kazi kujibu. Andika hivi: "Naomba vigezo vilivyotumika kutathmini ombi namba fulani, alama zilizotolewa kwa kila kigezo, tarehe ya tathmini, na kama afisa alifika eneo husika." Hapo ndipo utaona kama wameandika mteremko wa 1 kwa 20 wakati ubao unasema 1 kwa 9, au kama nyumba za wazee hazikuhesabiwa. Tuma vipimo vyako ukiomba tathmini irudiwe, nakala kwa diwani wa kata. Baadhi ya halmashauri huwapa madiwani fungu dogo la barabara za eneo lao, na pipa ni kitu kidogo kinachoingia humo vizuri.

Ukimaliza ngazi zote za malalamiko ndani ya halmashauri, kuna msuluhishi wa malalamiko dhidi ya serikali za mitaa. Yeye huangalia kama utaratibu ulifuatwa. Hawezi kukupa pipa kwa kuwa tu unalihitaji. Vipimo vilivyopuuzwa bila sababu ni hoja kwake. Hasira za wakazi si hoja.

Wakati nao ni muhimu. Msimu wa huduma za baridi kwa kawaida ni Oktoba hadi Aprili, na wengi hawaweki mapipa mapya msimu ukishaanza, kwa sababu magari na watu wote wako kwenye kumwaga chumvi. Ombi la marudio lifike masika au kiangazi. Picha, hata hivyo, piga sasa hivi barafu ingalipo.

---

BiKizimbani

Dada au kaka MtaaWaJuu, nijibu lile la kununua.

Mkiliweka pipa kwenye njia ya waenda kwa miguu bila kibali cha mamlaka ya barabara, ni kizuizi barabarani na wanaweza kuliondoa. Kuna njia mbili halali. Ya kwanza ni halmashauri ya parokia (si ya kanisa, ni ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa) au ya mji, kama mnayo. Wengi wao hununua mapipa na mamlaka ya barabara inatoa kibali cha mahali. Muulize karani wake, na muulize mapema, maana bajeti yao ya mwaka unaoanza Aprili hupangwa kuanzia vuli. Ya pili ni kuliweka ndani ya ardhi binafsi inayopakana na barabara: ukingo wa bustani ya mbele, au eneo la shirika la nyumba. Hapo kinachohitajika ni ruhusa ya mwenye ardhi, na ipateni kwa maandishi, kwa sababu mwenye nyumba anaweza kuuza na anayekuja asilitake.

Kabla ya kulipa chochote, pateni jibu la swali moja: nani atalijaza tena? Hapa ndipo mipango mingi inapokufa. Kuna halmashauri zinazojaza mapipa ya parokia bure mara moja kabla ya msimu, kuna zinazotoza kila ujazo, na kuna zisizojaza pipa lisilo lao kabisa. Pipa tupu Januari ni baya kuliko kukosa pipa, maana watu wanateremka wakitegemea kuna chumvi kwenye kona.

Ukubwa: yanayotumika zaidi mitaani ni ya lita 200 na lita 400. Chumvi ya barabarani ina uzito wa takriban kilo 1.1 hadi 1.3 kwa lita, kwa hiyo la lita 200 linabeba mifuko 8 hadi 10 ya kilo 25. Kwa mtaa wa mita 140 linatosha kabisa. La lita 400 lina mantiki kama lori la kujaza linakuja mara moja tu kwa msimu, lakini linakula nafasi kubwa na linapendwa zaidi na wanaotafuta pa kutupia taka.

Mkichagua, kagueni kifuniko kuliko kitu kingine chochote. Kiwe na mdomo unaoshuka nje ya ukuta wa pipa, ili maji ya mvua yadondoke nje. Kifuniko kilicholala sawasawa kinaingiza maji pembeni, na kufikia Krismasi mna jiwe la chumvi. Bawaba ziwe za plastiki au chuma cha pua. Chuma cha kawaida kinaliwa na chumvi misimu michache tu. Pipa lenyewe liwe na uso wa mbele ulioinama au tundu la kuchotea, vinginevyo mtu mfupi hafikii chini pipa likibaki robo.

Mahali pa kuliweka ndipo watu hukosea. Kwenu lisikae chini kwenye makutano, kwa sababu anayeanza kuteremka anahitaji chumvi akiwa juu, na pia linaziba macho ya dereva anayetazama barabara ya basi. Lisikae upande wa nje wa kona, maana gari likiteleza linaelekea huko huko. Liweke juu kidogo ya pale mteremko unapoanza, upande wa ndani wa kona, mgongo wake ukiwa kwenye ukuta au ua, kifuniko kikifungukia kwenye njia ya miguu ili anayechota asisimame barabarani. Acha angalau mita 1.5 ya njia wazi mbele yake kwa kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto. Epuka mifuniko ya chemba, na usiliweke juu ya mizizi ya mti, kwa sababu chumvi inayovuja inaunyausha mti taratibu. Liwe pia mahali lori linapoweza kusogea. Magari yakiegeshwa mbele yake usiku na mchana, mjazaji anapita na kuandika "halikufikika".

Mkiomba kibali, vinavyowekwa kwenye ombi ni ramani yenye alama ya mahali, vipimo vya pipa, jina la mwenye dhamana ya kulitunza, na bima ya dhima kwa umma. Parokia kwa kawaida tayari ina bima hiyo. Kikundi cha wakazi kisichosajiliwa hakina, na ndiyo sababu napendelea parokia hata kama inachukua mwaka.

---

MtaaWaJuu

Asanteni sana, wakuu. Orodha ya mitaa inaonyesha barabara ni ya umma. Vipimo vya ubao kwenye zile mita 60 vinatoka kati ya sentimita 9 na 13, vikali zaidi mita 20 kutoka makutano. Barua ya kuomba karatasi ya alama imeshatumwa.

Bado lile la matumizi. Watu wanachota beleshi zima na kutupa mahali pamoja. Kipi ni sahihi? Na mchanga je?

---

ChembeNaDigrii

Mkuu, sentimita 13 ni karibu 1 kwa 8. Hicho ni kipimo cha kuweka mstari wa kwanza wa barua.

Chumvi haichomi barafu. Inayeyuka ndani ya ule utando mwembamba wa maji ulio juu ya barafu, na maji ya chumvi yanaganda kwenye nyuzi za chini zaidi kuliko maji matupu. Tazama chembe moja kwa karibu: inajichimbia kishimo chembamba hadi kwenye lami, halafu maji yale ya chumvi yanasambaa chini na kuikata barafu isishike lami. Ndiyo maana chembe nyingi zilizotawanyika zinafanya kazi kuliko rundo. Rundo linatoboa shimo moja kubwa, na nusu mita pembeni yake bado ni kioo.

Nguvu yake inategemea joto. Kwenye nyuzi 1 chini ya sifuri, kilo moja ya chumvi inaweza kuyeyusha takriban kilo 46 za barafu. Kwenye nyuzi 6 hadi 7 chini, kilo hiyo hiyo inayeyusha kama 9 tu. Kufikia nyuzi 10 chini, inafanya kazi polepole mno kiasi kwamba mtu ataona haifanyi kitu. Joto linalohesabika ni la uso wa barabara. Usiku mkavu usio na mawingu, lami inaweza kushuka chini ya sifuri huku utabiri ukisema hewa ni nyuzi 2 au 3 juu.

Kiasi: malori hutumia gramu 10 hadi 20 kwa mita ya mraba kwa sakitu ya kawaida, na hadi 40 theluji ikitarajiwa. Mwongozo wa serikali kwa wananchi unasema kijiko kikubwa cha mezani kwa kila mita ya mraba, kiasi kinachoangukia humo humo. Fanya hesabu ya mtaa wako. Zile mita 60 za mteremko mara upana wa mita 5 ni mita za mraba 300. Kwa gramu 20 ni kilo 6. Njia ya miguu ya mita 140 kwa upana wa mita 1.5 ni mita za mraba 210, kilo 4 na kidogo. Jumla ni kilo 10 hivi kwa asubuhi moja, ndoo isiyojaa. Pipa la kilo 250 linakupa asubuhi 24. Likitumika kwa beleshi linaisha kwa siku tatu, na kisha watu wanalalamika halmashauri haijazi.

Namna ya kumwaga: chota kilo 5 kwenye ndoo, tumia kikombe au mwiko mdogo, inama kidogo na urushe kwa mkono unaozunguka karibu na ardhi, kama mtu anayepanda mbegu za mchicha. Anza pale uliposimama na usogee mbele ukikanyaga palipokwisha kumwagwa. Kwenye kona na mita 20 za mwisho kabla ya makutano rudia mara ya pili, hapo ndipo breki zinakanyagwa. Tambarare ya juu iache kama chumvi ni kidogo.

Saa nzuri ni jioni, lami ikiwa na unyevu kidogo na kabla haijaganda. Chumvi iliyotangulia barafu inaizuia isishike. Iliyokuja baada ya barafu inabidi itoboe kwanza, na inahitaji magari yaisage. Asubuhi baada ya kumwaga juu ya barafu, ipe dakika 20 hadi 30 kabla ya kuamini njia. Mvua ikitarajiwa kwanza na baridi baadaye, usimwage mapema, yote itaingia mtaroni. Subiri mvua ikatike.

Theluji ni jambo jingine. Sentimita 10 za theluji mpya zina uzito wa kama kilo 10 kwa mita ya mraba. Kuziyeyusha zote kwa chumvi hata kwenye nyuzi 1 chini ungehitaji zaidi ya gramu 200 kwa kila mita, mara kumi ya kipimo. Kwa hiyo beleshi kwanza, chumvi baadaye, na chumvi isikosekane baada ya beleshi: njia iliyokwanguliwa ikaachwa bila chumvi inalainika mchana na kuganda usiku, inakuwa hatari kuliko theluji yenyewe. Fungua mkondo katikati ya njia kwanza ili uwe na pa kusimama, kisha sukuma pembeni. Usirundike juu ya mtaro, maana maji ya kuyeyuka yatarudi barabarani na kuganda. Na maji ya moto ni marufuku kabisa. Yanatandaza maji safi yanayogeuka kioo kisichoonekana.

Kuhusu kushtakiwa: mwongozo huo huo wa serikali unasema wazi hakuna sheria inayokuzuia kusafisha theluji na barafu mbele ya nyumba au mahali pa umma, na kwamba si rahisi kuwajibishwa kama umefanya kwa uangalifu. Kinacholeta shida ni kufanya hali iwe mbaya zaidi kuliko ulivyoikuta, kwa mfano hayo maji ya moto.

Mchanga hauyeyushi chochote, unaongeza mshiko tu. Unafaa wakati baridi imepita uwezo wa chumvi, au chumvi ikiwa haba: changanya nusu kwa nusu. Uwe mchanga mkali wa chembe kubwa. Ule laini wa kujengea matofali unakuwa tope. Barafu ikiisha ufagie, usipofagia unaziba mitaro.

---

BiKizimbani

Naongeza mawili kwa ChembeNaDigrii. Chumvi ya pipa la umma ni kwa barabara na njia ya umma tu. Kuichukua kwa ajili ya kibaraza chako au maegesho yako ni wizi, na halmashauri nyingi huandika hivyo kwenye pipa lenyewe. Kwa ngazi za nyumbani nunueni mfuko wenu. Hata chumvi ya jikoni inafanya kazi. Msiitumie kwenye zege jipya ambalo halijamaliza msimu wa kwanza, inalimega uso. Na wenye mbwa wawaoshe mbwa wao miguu wakirudi, maana mbwa huilamba chumvi.

La pili, ulizeni kama halmashauri yenu ina mpango wa wasimamizi wa theluji wa kujitolea. Penye mpango huo, mtu mmoja au wawili wa mtaa hupewa mafunzo mafupi, beleshi, glavu na akiba ya chumvi, na mara nyingi bima inawahusu wakiwa kazini. Mtaa ambao tayari una msimamizi anayetajwa kwa jina kwenye ombi unasomwa tofauti na mtaa unaodai tu.

---

Mpima_Lami

Kwa wanaosoma mkiwa Scotland: vifungu nilivyotaja haviwahusu. Kwenu ni Sheria ya Barabara ya Scotland ya 1984, kifungu cha 34, inayoitaka mamlaka ichukue hatua inazoona zinafaa. Ubao na pimamaji ni vile vile.

---

NjiaYaShule

Wakuu, samahani naingilia. Kwetu pipa lipo na limejaa, lakini chumvi imeshikana, beleshi haliingii. Tufanyeje?

---

ChembeNaDigrii

Ndugu NjiaYaShule, chumvi huanza kunyonya maji hewani unyevu ukipita asilimia 75, na majira ya baridi ya Uingereza hukaa juu ya hapo siku nyingi. Juu inalowana, ikikauka kidogo chembe zinaungana. Mara nyingi kinachoganda ni tabaka la juu la sentimita 5 hadi 15, chini yake ni salama.

Tumia uma wa bustani au chuma chenye ncha, anza katikati na ujongee pembeni. Usigonge kuelekea ukuta wa pipa, plastiki ikiwa baridi inapasuka. Usimwage maji kulainisha, utapata jiwe zito zaidi. Mabonge yavunje hadi yawe madogo kuliko kucha ya kidole gumba, kwa sababu bonge kubwa linadunda, linavingirika hadi mtaroni na haliyeyushi kitu. Ule udongo wa kahawia usiutupe ukidhani ni uchafu. Chumvi ya kuchimbwa, kama ya Winsford kule Cheshire, huja na udongo wake, nao unasaidia kuona palipomwagwa.

Kisha tafuta maji yanaingilia wapi. Angalia ufa kwenye kifuniko, bawaba iliyong'oka, au kifuniko kisichofunga kwa sababu mfuko wa taka umekwama mdomoni. Gusa chini kwa mti mrefu: kama kuna maji yamesimama, tundu la kutolea maji limeziba kwa udongo, lizibue kutoka nje kwa waya. Pipa likiwa la halmashauri, ripoti kifuniko kwa namba iliyobandikwa juu yake na uambatanishe picha ya ufa wenyewe. "Chumvi imeharibika" pekee inaishia kwenye foleni ya kujaza, na mjazaji akifika akakuta pipa limejaa anaendelea na safari.